Gari la Mirathi: Kutoka Kitengela Hadi Kajiado

Treni ya asubuhi iondokayo Miritini husimama Mariakani, Miasenyi, Voi, Mtito Andei, Kibwezi na Emali kabla ya kufika Athi River, na abiria aendaye Kitengela hana haja ya kusonga mbele hadi Nairobi. Hilo tulielezwa kwa simu na dada yetu mkubwa, ambaye ameishi huko miaka 12. Tulikuwa wanne, wanawake watatu na kaka yetu mmoja, tukiwa na kikapu cha papa mkavu, mahamri ya njiani na halwa iliyofungwa vizuri. Eda ya dada ilikuwa imekwisha wiki ile, miezi 4 na siku 10 kamili, nasi tuliona si jambo jema atoke edani peke yake ilhali nduguze wamekaa Mombasa.

Ukishuka Athi River hukutana kwanza na bahari wala minazi, bali minara ya viwanda vya saruji na vumbi jeupe lililotanda juu ya mabati. Kwa sisi tuliozaliwa Pwani, vumbi ni kitu cha kufagia uani asubuhi. Huko vumbi ni hali ya hewa. Kuna jeupe la saruji, kuna jekundu la barabara za murami, na mvua ikinyesha kuna udongo mweusi unaonata viatuni hadi mtu akarefuka. Kitengela yenyewe ilikuwa kituo kidogo cha biashara kilichojulikana kwa jina la Noonkopir. Leo ni mji mkubwa wa Kaunti ya Kajiado, umejaa majengo ya ghorofa na watu wa kila kabila waliokimbia kodi za Nairobi. Upande wa kaskazini-magharibi iko Mbuga ya Taifa ya Nairobi, iliyotangazwa mwaka 1946, na hadi leo pundamilia na nyumbu huvuka mto wa kusini kutafuta malisho katika mbuga za Wamaasai, ingawa kila mwaka hukuta ua mpya umejengwa njiani.

Maji ndiyo mtihani wa mji ule. Visima virefu vipo, lakini maji yake mengi ni magumu na yana chumvichumvi. Birika la dada lina ukoko mweupe kama chokaa. Maji matamu hununuliwa kwa lori la maji au kwa mitungi inayobebwa na punda. Tunalitaja jambo hili mapema kwa kuwa ndilo lililoharibu gari.

Gari lenyewe ni Toyota Fielder ya buluu iliyokoza. Marehemu shemeji yetu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alilichukua mwenyewe bandarini Mombasa, likitoka Japani likiwa limetumika, akalala kwetu usiku mmoja kisha akaliendesha hadi Kitengela. Tunakumbuka rangi yake siku ile: ukisimama kando ya mlango ulijiona uso na kilemba cha mtandio wako. Sasa lilikuwa limesimama uani kwa dada, na kwa mbali, kivulini, bado lilionekana zuri. Kaka yetu alipolisogeza juani tuliona kilichomkosesha dada usingizi. Kila mahali jua lilipopiga, rangi ilikuwa imejaa mikwaruzo midogomidogo inayozunguka, mfano wa utando wa buibui, na buluu ilikuwa imefifia ikawa kijivu.

Hakuna aliyelikwaruza kwa ubaya. Tangu baba yao afariki, mpwa wetu wa miaka 13 na mdogo wake walikuwa wakiliosha kila Ijumaa kabla ya kwenda msikitini, kama baba yao alivyokuwa akifanya. Maji yakiwa ghali, walikuwa wakilifuta vumbi kwanza kwa kitambaa kikavu, kisha wakitumia ndoo moja na sabuni ya unga ya kufulia. Kitambaa kilikuwa kikoi cha zamani cha marehemu. Kwa wiki zaidi ya 15 waliusugua mchanga wa Kitengela juu ya gari la baba yao kwa mapenzi yote waliyokuwa nayo.

Sasa gari lilikuwa liuzwe. Mirathi ilikuwa imekwisha kupigwa hesabu mbele ya kadhi: dada fungu lake ni thumuni, mama mkwe ana sudusi yake, na kilichobaki ni cha watoto. Kwa maneno mengine, kila shilingi iliyopotea katika bei ya gari lile, sehemu kubwa ilikuwa ikitoka mfukoni mwa mayatima. Dalali mmoja alikuja, akalizunguka gari mara mbili, akataja bei iliyomfanya dada anyamaze. Kisha akasema ipo dawa ya kupaka, saa moja tu, mikwaruzo yote haitaonekana, na mnunuzi akilipenda asubuhi hiyo tutapata bei nyingine kabisa. "Kizuri chajiuza, Mama," akasema. Mtoto alikuwa amesimama mlangoni na sinia la chai, akasikia kila neno. Jioni ile hakula. Mdogo wake ndiye aliyetuambia: kaka anasema yeye ndiye aliyeliharibu gari la Baba.

Kosa la pili tulilifanya sisi wakubwa, na afadhali tuliseme. Kesho yake kaka yetu alilipeleka gari mahali pa kuoshea magari, kando ya barabara. Kijana mmoja aliyekuwa na mashine ya kung'arishia alilimwagia maji, akaliacha juani, akaanza kusaga fenda ya kushoto kwa mwendo wa kasi. Bati lilikuwa la moto kiasi cha kutoweza kuguswa. Sponji ilimwanguka mchangani, akaiokota, akaipigapiga kwenye suruali, akaendelea. Kaka alipomsimamisha, fenda ilikuwa inang'aa kwa kweli, lakini ukisogea hatua moja ulikuwa unaona vivuli vya mawimbi vikitembea ndani ya rangi, alama za mashine. Tulimlipa tukaondoka. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na haraka, na hakuna aliyewahi kumweleza anachokiondoa.

Jirani wa dada, mama wa Kimaasai anayeuza shanga na maziwa, ndiye aliyetuelekeza Kajiado mjini kwa fundi mmoja aliyeanzia kazi kwenye marumaru. Tukaondoka alfajiri, baada ya swala.

Barabara ya kwenda Namanga ikishaiacha Kitengela hunyooka. Majengo hupungua, kisha hubaki mabanda ya nyanya na maua karibu na Isinya, kisha hubaki uwanda. Nyasi zilikuwa za rangi ya mkate. Migunga ilisimama mmojammoja, na chini ya kila mmoja palikuwa na mbuzi au mtu aliyejitanda shuka nyekundu. Upepo ulikuwa wa baridi, kwani nchi ile iko zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, lakini jua likipanda huchoma kuliko la Mombasa, na ngozi ya gari hulijua hilo kama ngozi ya mtu. Malori ya kwenda mpaka wa Tanzania yalitupita yakiacha nyuma wingu la vijiwe. Dada alikaa mbele, mikono mapajani. Ilikuwa safari yake ya kwanza nje ya mji tangu msiba.

Mji wa Kajiado uko kiasi cha kilomita 80 kusini mwa Nairobi. Jina lake latokana na maneno ya Kimaasai, olkeju-ado, mto mrefu, ingawa asubuhi ile tuliona mchanga mwingi kuliko mto. Ni makao makuu ya kaunti, lakini una utulivu wa mji wa mifugo. Reli ya zamani inayotoka Konza kwenda Ziwa Magadi hupita hapo, nayo ilijengwa zaidi ya miaka 100 iliyopita kwa ajili ya kuchukulia magadi. Na katika vilima vya Kajiado huchimbwa marumaru, kwa hiyo si ajabu mji huo kuwa na watu wenye mkono wa kung'arisha.

Banda la fundi lilikuwa na paa la mabati na sakafu ya saruji iliyomwagiwa maji ili vumbi lisiruke. Alitusalimu, akampa dada kiti, akamwita Mama. Hakuligusa gari kwa muda mrefu. Alichukua taa, akaipitisha ubavuni, kisha akatoa chombo kidogo cha kupimia unene wa rangi akakibandika paani, milangoni, boneti na kwenye ile fenda, akimwambia mpwa wetu aandike namba. Mtoto alikuwa amekuja nasi kwa shingo upande.

Alichokieleza fundi pale ndicho tulichotamani wasomaji wenzetu wakijue, kwa kuwa karibu kila nyumba ina gari la kutunza au ina mtu atakayelinunua.

Rangi ya gari la siku hizi si kitu kimoja. Juu ya bati kuna rangi ya msingi, juu yake kuna rangi yenyewe tunayoiona, na juu kabisa kuna tabaka angavu lisilo na rangi, ambalo mafundi huliita klia. Tabaka hilo ndilo linalong'aa na ndilo linalozuia jua lisiichome rangi ya chini. Zote kwa pamoja, gari likitoka kiwandani, mara nyingi huwa kati ya mikroni 100 na 150, na mikroni ni sehemu moja katika elfu ya milimita. Klia peke yake huwa mikroni 35 hadi 50 hivi. Unywele mmoja wa mtu waweza kufika 70. Basi mikwaruzo ile ya utando wa buibui imo ndani ya kitu chembamba kuliko unywele.

"Watu hudhani polishi huongeza," alisema. "Polishi hupunguza." Mkwaruzo ni bonde dogo, taa ikilipiga bonde, kingo zake humeta. Kung'arisha ni kukishusha kilima hadi kilingane na bonde. Kila mara unapong'arisha kwa mashine unaondoa labda mikroni 2 au 3, na zikiondoka hazirudi. Marumaru ina kina, akasema, waweza kuisaga leo na kuisaga tena mjukuu wako akikua. Rangi ya gari ni akiba iliyohesabiwa.

Namba za mtoto zilikuwa hivi: paa 112, milango kati ya 115 na 120, fenda ya kushoto 101, boneti 240. Fundi akaziangalia, akacheka kidogo. Boneti ilikwisha kupakwa rangi upya zamani, pengine huko Japani, pengine baada ya ajali ndogo. Marehemu hakujua, wala dada. Na ile fenda, kijana wa Kitengela ameila mikroni kumi na kitu kwa dakika chache. Chombo hupima jumla ya matabaka, hakikwambii klia imebaki kiasi gani, kwa hiyo mtu mwenye busara huichukulia kuwa imebaki kidogo. Fenda hiyo haitaguswa na dawa kali tena, akasema, hata mng'emezane.

Kisha akaupitisha ukucha wake juu ya mikwaruzo. Hiki ni kipimo ambacho kila mtu anacho mkononi. Ukucha ukiteleza bila kukwama, mkwaruzo umo ndani ya klia na huenda ukaondoka kwa kung'arishwa. Ukucha ukinasa, mkwaruzo umeingia chini mno. Ukiufuata kwa mashine utafika kwenye rangi kabla hujafika mwisho wake. Mkwaruzo wa namna hiyo hutiwa rangi kidogo kwa brashi ili bati lisishike kutu, au huachwa. Ukucha ulinasa mahali pamoja tu, mlango wa nyuma wa kulia, mstari mrefu kama urefu wa mkono.

"Huo uacheni," dada akasema kabla ya fundi kufungua mdomo.

Tuliujua mstari ule. Usiku mmoja, miaka mitatu nyuma, yule mama anayeuza shanga alikuwa na binti mwenye uchungu wa uzazi huko ndani, mbali na lami, na shemeji alipita vichakani kumchukua. Mgunga uliukwaruza mlango. Mtoto aliyezaliwa sasa anakimbia. Fundi aliitikia kwa kichwa, akabandika tepu ya karatasi kuuzunguka mstari kana kwamba ni kazi ya kawaida.

Kuosha ndiko kulikochukua muda mrefu kuliko kung'arisha, na hapa ndipo alipomwita mpwa wetu. Alimpa pampu ya mgongoni ya lita 20, ya aina ileile ambayo wafugaji hunyunyizia ng'ombe dawa ya kupe, ila hii ilikuwa mpya na haijawahi kuonja dawa. Akamwambia alinyunyizie gari lote maji kwanza, bila kuligusa, kuanzia paani kushuka, hadi vumbi lidondoke lenyewe. Kisha ndoo mbili: moja ya maji ya sabuni ya gari, nyingine ya maji matupu. Kitambaa laini cha nyuzi ndogondogo huchovywa kwenye sabuni, hupitishwa mara moja kwa mstari ulionyooka, halafu husuuzwa katika ndoo ya maji matupu kabla ya kurudi kwenye sabuni. Sehemu za chini karibu na magurudumu huoshwa mwisho na kwa kitambaa kingine. Mtoto alipomaliza, fundi alimwonyesha chini ya ndoo ya pili. Palikuwa na mchanga wa kujaza kijiko.

"Huu ndio uliokwaruza," akamwambia. "Mkono wako hauna kosa. Mchanga ni mgumu kuliko rangi, basi. Hata baba yako angefuta hivyo ungekwaruza."

Mtoto alitia kidole ndani ya mchanga ule, akaukoroga. Hakusema kitu. Lakini tangu hapo hakuliacha lile gari hadi magharibi.

Maji yote yaliyotumika, pampu na ndoo mbili, yalikuwa kama lita 50, pungufu ya mitungi mitatu ya punda. Tunaliandika hili kwa akina mama wa bara wanaoogopa kuwa uangalifu hutaka maji mengi. Hautaki. Unataka maji yatangulie kitambaa. Na aliye na maji ya mitungi miwili tu, basi afadhali gari lilale na vumbi lake wiki nyingine kuliko kulifuta kavu.

Palikuwa na vidoa vyeupe vya saruji iliyogandishwa na umande, ambavyo havikuondoka kwa sabuni. Fundi alivilowesha kwa siki iliyochanganywa na maji mengi, akangoja, akavisuuza sana. Alikataza kuvibandua kwa ukucha. Kisha akapitisha kinata laini mfano wa udongo wa kuchezea, juu ya rangi iliyoloweshwa, kikazoa chembe ambazo macho hayazioni. Kikianguka chini hutupwa, hata kiwe kipya. Tulikumbuka ile sponji iliyopigwapigwa kwenye suruali.

Baada ya hapo gari lilikaushwa na kusogezwa ndani ya banda, mbali na jua, likaachwa lipoe. Akaziba kwa tepu kingo zote, mipira ya milango na plastiki, kwani kwenye kingo rangi ni nyembamba zaidi na mashine huimaliza upesi. Alivaa kizuia vumbi puani na miwani, na waya wa umeme aliupitisha juu ya bega lake, sakafu ikiwa imekaushwa. Watoto wakae mbali, akasema, ila huyu mwandishi wangu.

Alianza na mraba mmoja mlangoni, wa upana wa magazeti mawili, kwa dawa laini kuliko zote na sponji laini kuliko zote. Matone manne tu. Mashine yake haikuwa ya kuzunguka tu kama ya yule kijana. Hii huzunguka huku ikiyumba, hivyo haikai mahali pamoja ikachoma. Aliipitisha polepole, kulia kushoto, kisha juu chini, bila kuikandamiza. Akafuta, akamulika taa. Utando ulikuwa umepungua, haukwisha. Akabadilisha sponji ikawa ngumu kidogo, dawa ileile. Akamulika tena, akasema inatosha, na hicho ndicho kipimo cha gari zima. Ukianza na dawa kali hutajua kamwe kama ile laini ingetosha.

Hapo kaka yetu akamuuliza kuhusu dawa ya dalali. Fundi alitoa chupa rafuni, akaipaka kidogo juu ya fenda yenye mawimbi. Mawimbi yalipotea mbele ya macho yetu. Kwa kweli ilipendeza. Kisha akachukua spiriti iliyochanganywa na maji, akafuta mara moja, mawimbi yakarudi yote. Ni mafuta yanayojaza mabonde, akaeleza. Si haramu kwa mwenye gari anayelipeleka harusini, lakini mvua mbili tatu zikipita humwachia mnunuzi kile ulichokificha. Mnunuzi anayejua hubeba chupa ya spiriti na kuomba ruhusa ya kufuta kipembe kimoja. Tuliangaliana. Sisi ni watu wa dini na wa soko, tumelelewa tukisikia kisa cha nafaka iliyolowa ndani na kukauka juu, hatukuhitaji kuambiwa zaidi. Lakini tuseme kweli pia kwamba kabla ya hapo, usiku ule wa dalali, hakuna aliyekuwa amekataa kwa sauti. Bei ya mayatima ilikuwa imetuziba midomo.

Kazi iliendelea tangu saa nne hadi baada ya alasiri, ikisimama kwa swala na kwa chai. Wanawake tulikwenda sokoni, tukanunua shanga, tukapotea njia, tukasalimiwa sopa na kujibu epa kwa lafudhi iliyowachekesha wauzaji. Dada alicheka nao. Tuliporudi, gari lilikuwa limeshatolewa tepu na fundi alikuwa akipaka nta, tabaka jembamba, kwa mkono, akimwonyesha mtoto namna ya kuifuta kabla haijakauka kupita kiasi. Halikuwa kama lile la siku ya bandarini. Fenda ilikuwa na kivuli chake, boneti ilikuwa buluu tofauti kidogo ukiijua, na mlango ulikuwa na mstari. Ila ukisimama kando yake ulijiona uso. Dada alijiangalia pale kwa muda, akarekebisha mtandio.

Mpwa wetu alimuuliza fundi kama aweza kuling'arisha tena mwakani. Akajibiwa kuwa likioshwa vizuri halitahitaji, na kwamba mwaka ujao litakuwa la mtu mwingine. Mtoto akasema anajua.

Mnunuzi alipatikana wiki iliyofuata, sisi tukiwa bado Kitengela. Mwalimu kutoka upande wa Il Bissil, mtu mtaratibu. Dada alimpokea na kaka yetu akiwepo. Kabla hajaulizwa, alimwonyesha boneti iliyopakwa upya na kumpa karatasi ya namba zilizoandikwa kwa mkono wa mwanawe. Alimwonyesha fenda, akamwambia isisagwe tena. Alimwonyesha mlango. Mwalimu akauliza mkwaruzo ule umetokana na nini, akaelezwa. Akapunguza bei kwa ajili ya boneti. Kwa ajili ya mlango hakupunguza. Bei ilikuwa chini ya ile ya dawa ya kupaka, na juu kidogo ya ile ya kwanza ya dalali. Gharama ya fundi ikitolewa, faida haikuwa kubwa. Kaka aliandika hesabu yote katika daftari la mirathi, na ya fenda tuliyoiharibu sisi tuliichanga sisi.

Karatasi zilipokwisha, mpwa wetu alitoka uani na ndoo mbili, moja ndani ya nyingine, na vitambaa vyake vimekunjwa juu. Akavitia ndani ya buti. Kisha akamweleza yule mwalimu, kwa heshima kama mwanafunzi lakini bila kusita, kwamba barabara ya Il Bissil ina vumbi jingi, kwa hiyo maji kwanza, kisha kitambaa, na ndoo hii isichanganywe na hii.